SOMO LA KUMI NA NNE: KIPI KILITANGULIA?
Neno "had" na mpangilio wa mambo katika Kiingereza

Kila mmoja na ashike kalamu na daftari lake. Mlio darasani, sogeeni karibu na redio. Na wewe usomaye karatasi hii nyumbani baada ya kusikiliza, tafadhali soma mifano kwa sauti. Ulimi haujifunzi kwa kutazama. Hujifunza kwa kusema.

Katika somo lililopita tulijifunza kusimulia jambo lililokwisha pita. Tulisema hivi:

I opened the door.
I saw a man.

Maana yake: Nilifungua mlango. Nilimwona mtu. Hayo mmekwisha kuyajua. Leo twaendelea mbele hatua moja. Tutajifunza namna ya kusema kwamba katika mambo mawili yaliyopita, moja lilitangulia na jingine likafuata.

Huenda mtu akauliza, "Jambo hili lina faida gani kwangu?" Basi sikilizeni habari ya mlinzi.

Mlinzi na kufuli

Tuseme yuko mlinzi wa ghala. Zamu yake yaanza saa kumi na mbili asubuhi. Siku moja afika kazini, akuta kufuli limevunjwa na magunia matatu ya sukari hayapo. Mkubwa wake ataka ripoti ya maandishi, tena kwa Kiingereza. Mlinzi aketi, aandika:

When I came to the store, a thief broke the lock.

Moyoni mwake ataka kusema, "Nilipofika ghalani, mwizi alikuwa amekwisha vunja kufuli." Lakini sivyo alivyoandika. Mtu ajuaye Kiingereza asomapo maneno yale ataelewa hivi: "Nilifika ghalani, ndipo mwizi akavunja kufuli." Yaani mlinzi alikuwapo! Kufuli lilivunjwa mbele ya macho yake! Mkubwa atamwita na kumwuliza, "Mbona hukupiga kelele? Mbona hukumkamata? Sura yake ilikuwaje?" Mlinzi atashangaa, atababaika, na mtu anayebabaika hushukiwa upesi.

Sasa tazameni sentensi hii:

When I came to the store, a thief had broken the lock.

Hapa mlinzi amesalimika. Mwizi alitangulia, mlinzi akafuata. Tofauti ni nini? Ni neno moja dogo, had, na broke kugeuka kuwa broken. Maneno hayo mawili yaweza kumwondolea mtu mashaka, ama kumtia mashakani.

Rudieni baada yangu, polepole:

a thief broke the lock
a thief had broken the lock

(Kimya kidogo. Wanafunzi warudie mara mbili.)

Kiswahili chetu chatusaidia

Msiogope jambo hili. Ninyi mnalijua tangu utotoni, ila mnalijua kwa Kiswahili.

Fikirini jinsi tunavyosimulia. Twasema: "Niliamka, nikanawa uso, nikanywa chai, nikaenda kazini." Kile kisilabi -ka- chatusukuma mbele: jambo moja, kisha la pili, kisha la tatu, kama mtu apandaye ngazi. Katika Kiingereza hatuhitaji neno jipya kwa kazi hiyo. Wakati uliopita wa kawaida watosha:

I got up, washed my face, drank tea and went to work.

Mambo yamepangwa kama yalivyotokea. Msikilizaji hapotei.

Lakini mara nyingine msimulizi amekwisha fika mbele, naye ataka kurudi nyuma achukue jambo aliloliacha. Hapo hatutumii -ka-. Twasema alikuwa ame-:

Nilipofika stesheni, treni ilikuwa imeondoka.

Kufika ndiko kulikotajwa kwanza, lakini kuondoka ndiko kulikotokea kwanza. Maneno "ilikuwa imeondoka" yamrudisha msikilizaji nyuma. Kiingereza nacho kina namna hiyo hiyo:

When I reached the station, the train had left.

Basi shikeni hivi: -ka- ya Kiswahili hufuatana na Kiingereza cha kawaida, left, went, came, na alikuwa ame- hufuatana na had. Katika vitabu vya sarufi wakati huu huitwa Past Perfect. Sisi tutauita wakati wa nyuma zaidi, kwa kuwa ndiyo kazi yake: kutaja jambo lililo nyuma ya jambo jingine lililopita.

Jinsi ya kuuunda

Kuna sehemu mbili tu. Ya kwanza ni neno had. Neno hili halibadiliki kamwe:

I had
you had
he had, she had, it had
we had
they had

Mtakumbuka taabu mliyopata na have na has. Hapa taabu hiyo haipo. Mtu mmoja, watu elfu, wote ni had.

Sehemu ya pili ni kitenzi katika umbo lake la tatu. Vitenzi vingi huongezwa -ed tu, na umbo la pili na la tatu ni mamoja: arrive, arrived, arrived, finish, finished, finished. Hivyo havina matata. Lakini viko vingine vyenye ukaidi, navyo ndivyo vitumikavyo kila siku. Andikeni hivi katika daftari:

go, went, gone (kwenda)
come, came, come (kuja)
see, saw, seen (kuona)
do, did, done (kufanya)
take, took, taken (kuchukua)
break, broke, broken (kuvunja)
write, wrote, written (kuandika)
begin, began, begun (kuanza)
leave, left, left (kuondoka)
pay, paid, paid (kulipa)
build, built, built (kujenga)
put, put, put (kuweka)

Baada ya had, chukueni neno la tatu, si la pili. Usiseme had went. Sema had gone. Usiseme had saw. Sema had seen. Kosa hili ni la kawaida sana, na dawa yake ni moja tu: kukariri orodha hii mpaka iwe nyepesi kama kuhesabu. Mtu anayekwenda shamba na aikariri njiani. Mama anayetwanga na aikariri kwa mapigo ya mchi: go, went, gone, see, saw, seen.

Tena, liko neno already. Kazi yake yafanana na "kwisha" yetu. Huwekwa katikati, baada ya had:

The train had already left.
Treni ilikuwa imekwisha ondoka.

Kukana na kuuliza

Tukitaka kukana, twatia not baada ya had:

I had not paid.
Nilikuwa sijalipa.

Tukitaka kuuliza, twaipeleka had mbele:

Had you paid?
Ulikuwa umelipa?

Na neno "bado" ni yet, nalo hukaa mara nyingi mwishoni: I had not paid yet. Nilikuwa bado sijalipa.

Angalieni faida yake. Tuseme mtu alilipa kodi yake tarehe 3, na karani akaandika jina lake katika orodha ya wadaiwa tarehe 5. Mtu huyo ana haki ya kulalamika, na barua yake yaweza kusema hivi:

When you wrote my name on the list, I had already paid.

Karani mwenye akili ataelewa mara moja: malipo yalitangulia, jina likafuata. Lakini mtu yule akiandika, "When you wrote my name on the list, I paid," amejishitaki mwenyewe. Ni kama kusema, "Mlipoandika jina langu, ndipo nikalipa." Fedha ni zile zile, tarehe ni zile zile, stakabadhi anayo mkononi, lakini maneno yake yampinga.

Kigingi

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wengine hudhani kwamba had ni alama ya zamani sana. Wanafikiri, jambo la jana ni went, na la miaka mingi iliyopita ni had gone. Hasha! Had haipimi urefu wa muda. Hupanga zamu tu.

Jambo la miaka mia laweza kusemwa bila had. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu, ziwani, mwaka 1901. Kwa Kiingereza:

The railway reached Kisumu in 1901.

Hakuna had hapo, ingawa ni zaidi ya miaka mia moja. Kwa nini? Kwa sababu tumetaja jambo moja tu, na mwaka wake. Hatukulilinganisha na jingine.

Na jambo la dakika tano laweza kutaka had:

I ran to the bus stop, but the bus had gone.

Nilikimbilia kituoni, lakini basi lilikuwa limekwenda. Muda ni mfupi kabisa, lakini mambo ni mawili, na lililotajwa mwisho ndilo lililotangulia.

Basi fikirini mbuzi aliyefungwa kwa kamba. Mbuzi hawezi kufungwa hewani. Lazima pawe na kigingi. Had nayo yahitaji kigingi, yaani jambo jingine lililopita, au saa, au siku, ambayo kwayo twatazama nyuma. Ukiandika barua ukaanza, "I had gone to town yesterday," msomaji atangoja. Atajiuliza, "Alikuwa amekwenda mjini kabla ya nini?" Kigingi hakipo. Kama huna la kuongeza, sema tu: I went to town yesterday.

Kabla ya kuandika had, jiulize maswali mawili. La kwanza: Je, kuna mambo mawili yaliyopita? La pili: Je, nataka kurudi nyuma kwenye lile lililotangulia? Ukijibu ndiyo mara zote mbili, tumia had. Ukijibu hapana hata mara moja, iache.

Tena, yako maneno mawili yanayoonyesha mpangilio yenyewe: before, yaani kabla, na after, yaani baada ya. Yakiwapo, msomaji hawezi kupotea, na mara nyingi had si lazima:

The rain stopped before we left.
Mvua ilikatika kabla hatujaondoka.

Ukisema "had stopped" hukukosea. Lakini ukisema "stopped" pia hukukosea. Mahali ambapo had ni ya lazima ni pale ambapo bila yake maana ingegeuka, kama ile ripoti ya mlinzi.

Maneno ya mtu mwingine

Liko jambo moja ambalo Kiswahili na Kiingereza havipatani. Sisi twasema:

Mlinzi alisema kwamba mwizi amevunja kufuli.
Nilikuta basi limeondoka.

Twatumia -me- bila shida, ingawa habari yote imepita. Kiswahili chasema mara moja kwamba tumo katika wakati uliopita, alisema, nilikuta, na hilo latosha. Kwa hiyo mwanafunzi afasiripo neno kwa neno huandika, "I found that the bus has left." Kiingereza hakikubali. Kitenzi cha kwanza kikiwa cha wakati uliopita, ile -me- inayofuata hugeuka had:

The watchman said that the thief had broken the lock.
I found that the bus had left.

Kwa wale wanaoandika mihtasari ya vyama vya ushirika au taarifa za mikutano, kanuni hii ni ya kila siku. Mwekahazina alisema kwamba ameziweka fedha benki: The treasurer said that he had put the money in the bank.

Lakini tahadhari moja. Zipo -me- nyingine zisizosema jambo lililotangulia, bali huonyesha hali ya mtu: amelala, amesimama, ameketi. "Nilimkuta amelala" si had. Husemwa: I found him asleep. Hapo hatusemi habari ya wakati alipoanza kulala, twasema hali tuliyomkuta nayo.

Neno moja katika historia

Msidhani kwamba jambo hili ni la barua na ripoti tu. Hata historia ya watu hupotoka kwa kukosa neno moja. Sikilizeni sentensi hii:

When the Portuguese came to Kilwa, the people built a great mosque.

Msomaji asiyejua habari za pwani yetu ataelewa nini? Ataelewa kwamba Wareno walifika, na baada ya hapo watu wa Kilwa wakajenga msikiti mkubwa. Huenda akafikiri kwamba wageni ndio waliowafundisha kujenga kwa mawe. Na hilo si kweli hata kidogo.

Vasco da Gama alipita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, na mwaka 1505 Wareno waliishambulia na kuiteka Kilwa. Lakini msafiri Ibn Battuta, mwenyeji wa Tangier katika nchi ya Moroko, aliizuru Kilwa mwaka 1331, akauona mji mkubwa wa Waislamu wenye sultani wake. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao magofu yake yasimama hata leo, ulijengwa na kupanuliwa mamia ya miaka kabla Mreno wa kwanza hajatia nanga katika pwani hii. Kwa hiyo sentensi ya haki ni hii:

When the Portuguese came to Kilwa, the people had already built a great mosque.

Neno had lawarudishia wajenzi kazi yao. Hatukuongeza sifa, wala hatukumtukana mtu. Tumesema tu nani alitangulia, na ukweli umekaa mahali pake.

Hali kadhalika twaweza kusema:

When Vasco da Gama saw this coast, Ibn Battuta had already visited Kilwa.

(Wanafunzi warudie sentensi zote mbili.)

Kwa masikio yenu

Kabla ya mazoezi, neno moja juu ya kusikia. Katika mazungumzo ya haraka had hufupizwa hata hubaki mlio wa d tu: I'd gone, he'd paid, they'd left. Mtu asiyezoea hasikii kitu, akadhani neno halikusemwa. Tegeni sikio vizuri. Lakini mwandikapo barua ya kiserikali au ripoti ya kazi, andikeni neno zima.

Tena, mnajua kwamba had pia yamaanisha "alikuwa na": I had a bicycle, nilikuwa na baisikeli. Basi msishangae mkikuta had mbili zimefuatana: I had had a bicycle before I bought a car. Nilikuwa nimepata kuwa na baisikeli kabla sijanunua motokaa. Had ya kwanza ni ya wakati wa nyuma zaidi. Ya pili ni kitenzi chenyewe.

Mazoezi

Kiongozi wa darasa na ayaandike ubaoni. Kila mwanafunzi aandike jibu lake kwanza, ndipo mlinganishe. Msitazame majibu yaliyo chini kabla ya kujaribu.

Geuzeni kwa Kiingereza:

1. Nilipofika nyumbani, watoto walikuwa wamelala usingizi. (Angalia: ni hali, au ni jambo lililotangulia?)
2. Daktari alipofika, mgonjwa alikuwa amekwisha kufa.
3. Karani alisema kwamba ameandika barua.
4. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Tanganyika ilikuwa imekwisha pata uhuru.
5. Alifungua duka, akafagia, akaanza kuuza.
6. Mkutano ulipoanza, mwenyekiti alikuwa hajafika.

Majibu:

1. When I reached home, the children were asleep. (Ni hali, hakuna had.)
2. When the doctor came, the patient had already died.
3. The clerk said that he had written the letter.
4. When Kenya became independent in 1963, Tanganyika had already become independent.
5. He opened the shop, swept it and began to sell. (Mambo yamefuatana kwa -ka-, hakuna had.)
6. When the meeting began, the chairman had not arrived.

Katika jibu la pili, jaribuni kuondoa had muone: "When the doctor came, the patient died." Daktari huyo sasa ana kesi ya kujibu! Ndugu wa marehemu watataka kujua amempa dawa gani. Na yeye maskini alikuta mtu amekwisha kata roho.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila mmoja aandike sentensi tatu za mambo yaliyompata kweli juma hili, ambamo alifika mahali akakuta jambo limekwisha tendeka: soko limefungwa, maji yamekatika, mgeni ameondoka. Aandike kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Halafu apige mstari chini ya kigingi. Asipokiona kigingi, afute had.

Katika somo lijalo tutatazama neno if, yaani kama, na jinsi linavyofuatana na had pale tusemapo, "Kama ningalijua, ningalikuja." Leteni daftari zenu zikiwa na ile orodha ya vitenzi. Kwa leo tunaishia hapa. Kwaherini, na someni kwa bidii.